Mafundo Matatu

Faili lilikuwa limelowa tope, na chumba cha kazi cha marehemu hakikuwa na hata bomba.

Binti wa marehemu alilipangusa, akalifunga upya kwa uzi, mafundo matatu, kama baba yake alivyofunga kila faili. Mzee alikuwa mwandishi wa habari za siasa, kisha mwanahistoria wa serikali. Hakuwahi kuazimisha karatasi wala kufuta kanda. Kesho yake gari la makumbusho lingekuja kubeba kila kitu. Binti alitoka kunywa chai, na aliporudi mafundo yalikuwa yamefunguka, chumba kizima kinanuka udongo mbichi, mchana kweupe.

"Mama, njoo," aliita kwa sauti ya chini. "Humu kuna kitu."

"Kuna mende," mama alijibu. Lakini alipovuka kizingiti mzaha ulimwishia mdomoni.

Faili lilikuwa na jina la kaka wa mama, mwalimu aliyetoweka miaka thelathini iliyopita. Kitabu cha mzee, kile kilichosomwa shuleni, kilisema alikimbilia ng'ambo. Mzee aliapa kwamba amemtafuta katika kila ubalozi, na mkewe akamwamini. Mpaka leo mtu wa posta akigonga, mama hutoka mbio na mwiko mkononi.

Walimwita mganga. Aliweka kiganja juu ya faili, akakiondoa upesi.

"Hili si jini la kuingia," alinong'ona. "Huyu kafungiwa humu. Mna redio ya kanda?"

Ndani ya faili mlikuwa na kanda moja. Binti aliitia kwenye redio, na kabla hajagusa kitufe ikaanza kuzunguka yenyewe, kwanza mkwaruzo, kisha mtu akihema, kisha vikombe vikiwekwa mezani, vikombe vya nyumba hii hii, na udongo ukaanza kudondoka kutoka darini juu ya mikono yao, na sauti ambayo mama alikuwa ameisubiri miaka yote hiyo ikasema taratibu, kama mgeni asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake:

"Shemeji, uliniambia tutakuwa wawili tu. Hawa ni nani?"

Na sauti ya mzee: "Nenda nao tu. Dada yako nitamwambia umesafiri."

Mama alijipangusa udongo mikononi.

"Nimelala naye kitanda kimoja," alisema. "Nimemuuguza. Nimemlilia, mimi!"

Alichukua mkasi, akaukata ule uzi vipande vipande. "Kaka, toka. Nimekusikia."

Upepo ulipita katikati yao, ukatoka mlangoni. Harufu ikaisha. Mganga alishusha pumzi.

Ndipo kiti cha mezani kikalia. Wakasikia kikohozi kikavu, kile walichokizoea, kisha sauti nyembamba: "Mama watoto... nifungulie na mimi."

Mama aliwatoa wote nje, akafunga mlango kwa ufunguo, akazungusha uzi mwingine wa mumewe kwenye kitasa. Mafundo matatu.

"Gari likija kesho," alimwambia binti yake, "waambie mwenye chumba amesafiri."