Kaseti ya Tonton Antoine

Kila siku Dorcelle akitoka shuleni alichota maji ndoo mbili, akafagia mbele ya mlango, ndipo mama yake alipomruhusu kwenda kwa Tonton Antoine. Tonton Antoine, mjomba wake, alikuwa mdogo wa mama. Aliishi katika nyumba ndogo nyuma ya parseli yao, yaani kiwanja chao, huko Kamalondo, Lubumbashi, na alikuwa fundi katika kituo cha televisheni. Huo ulikuwa mwaka wa 1993. Kazi nyingi mjini zilikuwa zimesimama na mishahara haikuonekana, lakini umeme ukiwepo, mashine yake ya video ilifanya kazi.

Bijou wa nyumba ya jirani alikuja naye. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili. Walikaa mkekani, na Tonton akawawekea kaseti ambayo hakumwazima mtu yeyote. Ilikuwa na nyimbo zilizopigwa picha tangu zamani. Za kwanza hazikuwa na rangi: wanamuziki wamevaa suti na tai, wamejipanga mstari mmoja, hawasogei hata hatua.

"Kwa nini hawachezi?" Bijou aliuliza.

"Kamera ilikuwa moja, tena nzito," Tonton alijibu. "Ukisogea, umetoka ndani ya picha. Huyu mwenye gitaa iko babu yake Dorcelle."

Kisha zikaja nyimbo za studio, zenye rangi, pazia na taa nyingi. Mwishoni kabisa zilikuja klipu za siku hizi: mwimbaji anashuka garini, wasichana wanacheza, moshi unapanda, na picha inabadilika kabla hujapepesa macho.

"Zamani tulitazama muntu akiimba," Tonton alisema. "Leo klipu inasimulia hadithi nzima kwa dakika nne. Lakini hizi za zamani kazini hazipo tena. Zimebaki hapa tu."

Jumamosi moja Tonton alikuwa ametoka. Televisheni ikaanza kuonyesha klipu mpya, ile ambayo wasichana wa darasa lao walitaka kuiga kwa sikukuu ya shule. Kaseti tupu haikuwepo. Dorcelle akachukua kaseti ya Tonton.

"Acha, Dorcelle! Uliza kwanza," Bijou alimwambia.

"Naweka mwishoni tu," Dorcelle alijibu, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

Hakujua kwamba kaseti ilikuwa imerudishwa mwanzo. Klipu ilipokwisha na kaseti kutazamwa, wanaume wa suti hawakuwemo tena. Babu alikuwa amefutika na gitaa lake.

Tonton aliporudi na kuona, sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani aligusa mashine?"

Dorcelle aliona jinsi alivyoishikilia kaseti kifuani. Akaogopa. "Ni Bijou," alisema.

Neno hilo lilikuwa zito kuliko alivyofikiri. Siku zile watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, hata waliozaliwa Lubumbashi, waliambiwa waondoke, na vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza. Nyumba ya Bijou ilikuwa ya Wakasai. Baba yake, Papa Ntumba, alikuwa mshonaji, na Tonton alikuwa amemwahidi: "Bakikuja, nitasimama na wewe mlangoni."

Tonton alimuuliza Bijou juu ya kaseti. "Sikugusa," Bijou alijibu. Tonton hakumsadiki. "Bantu hawa wa Kasai," alinung'unika, akaondoka.

Vijana walikuja Jumanne. Dorcelle alitazama dirishani. Mama yake, Mama Joséphine, alitoka peke yake kuwazuia, wakamsukuma pembeni. Tonton Antoine alibaki kwenye kizingiti chake, mikono mifukoni. Papa Ntumba alitoka na sanduku moja. Bijou alimbeba mdogo wake mgongoni. Alitazama upande wa dirisha la Dorcelle.

Tangu hapo Dorcelle aliiacha bukari, ugali wa kwao, sahanini. Darasani aliitwa jina mara mbili asisikie. Wimbo wa klipu ile ukipigwa kwenye redio ya jirani, alijiziba masikio. Siku ya Alhamisi alimkuta Tonton akitengeneza redio, akasimama mbele yake.

"Tonton, ni mimi njo nilifuta kaseti. Bijou alinikataza."

Tonton aliweka bisibisi chini. Dorcelle akaanza kulia.

"Vaa viatu," Tonton alisema. "Tunaenda gare, waliofukuzwa bako kule."

Kwenye gare, kituo cha treni, familia nyingi zilikuwa zimekaa chini ya maturubai kando ya reli, zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Waliwakuta Papa Ntumba na watoto karibu na ukuta. Mdogo wa Bijou alikuwa na homa.

Dorcelle alisema yote mbele yao, machozi yakimtiririka. Kisha Tonton akavua kofia.

"Papa Ntumba, mutoto alisema uongo, na mimi nikauamini haraka kwa sababu munatoka Kasai. Nilikuahidi, nikakuacha. Naomba musamaha."

Papa Ntumba alimgeukia. "Mutoto wangu aliitwa mwongo," alisema. "Hilo liliniuma kuliko nyumba. Leo umelitoa."

Bijou alikuwa bado amekunja uso. "Nilikuambia uulize kwanza," alimwambia Dorcelle. Halafu akasogea, akamwachia nafasi mkekani.

Siku ileile Tonton alimpeleka mdogo wa Bijou zahanati akapata dawa, na homa ikashuka. Kwa siku nne yeye, Dorcelle na Mama Joséphine walipeleka maji na bukari. Treni ilipoondoka, Bijou alipunga mkono dirishani mpaka asionekane.

Njiani kurudi nyumbani Dorcelle aliuliza, "Tonton, umenisamehe kaseti?"

"Nimekusamehe. Unajua, kazini kaseti mpya zilipokosekana, waliniamuru nirekodi juu ya zile za zamani. Nilifuta nyimbo za watu na sikuwaambia. Mpaka leo nawaepuka barabarani." Alimshika bega. "Kufuta kaseti ilikuwa ajali, ungesema 'nimekosa' tungemaliza siku ileile. Ulipomsingizia Bijou na kunyamaza siku tano, mwenzako ndiye aliyeumia. Ukikosa tena, mutoto wangu, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako."

"Nitasema, Tonton," Dorcelle alijibu.