Chakazi Ndani ya Pakacha

Kila asubuhi Sihaba alifagia mbele ya kibanda chao cha majani, akateka maji, kisha akamfuata mama yake, Tabia, porini kuchimba sandarusi, utomvu wa kale wa miti uliogandia ardhini, ambao wafanyabiashara waliununua. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kabla ya masika walikuwa na nyumba nzuri ya udongo kando ya mto Ruvu, nje ya mji wa Bagamoyo. Mto ulipofurika, ulizoa nyumba zote za kijiji. Hayo yalitokea kabla Wajerumani hawajafika pwani.

Ili kujenga upya, wanakijiji waliweza kusuka makuti wenyewe, na udongo ulikuwa tele. Kilichowashinda ni boriti, maana ziliuzwa mjini. Mjomba Mtoro, kaka yake Tabia, akaenda kumwona Noorali, mfanyabiashara wa Kihindi.

"Sikopeshi mtu mmoja mmoja," Noorali alimwambia. "Akiugua au akihama, mali yangu imepotea. Nitakikopesha kijiji kizima, nyumba baada ya nyumba. Mkileta sandarusi safi, mnachukua boriti za nyumba inayofuata. Msipoleta, basi."

Wakakubaliana. Kila mwezi kila familia ilitoa pakacha moja la sandarusi. Nyumba ya kwanza ikasimama, na ya pili pia. Ikafika zamu ya Bi Chausiku, mjane mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Mwezi huo Tabia alishikwa na homa, na Sihaba akawa anachimba peke yake. Siku ya kupeleka mali ilipokaribia, pakacha lilikuwa nusu tu. Sandarusi hukaa ardhini miaka mingi mpaka iwe ngumu kama jiwe. Lakini kwenye shina la msandarusi Sihaba aliona chakazi, utomvu mpya usiokomaa. Akaubandua, akaujaza ndani ya pakacha, upande wa chini, akaufunika kwa sandarusi safi.

Mali ya kijiji kizima ikamiminwa pamoja katika magunia. Kesho yake Mjomba Mtoro alirudi kutoka mjini na magunia yaleyale, bila boriti hata moja.

"Noorali amekuta chakazi," alisema. "Hatoi mti mpaka apate mali safi."

Watu wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba asiyeona hawezi kutofautisha. Bi Chausiku alisikia.

"Huenda ni mimi," alisema taratibu. "Siku hizi napapasa tu kwa vidole. Nirukeni, apewe mwingine."

Sihaba akasogea mbele. "Si yeye, mjomba. Ni mimi. Mama anaumwa, na pakacha halikujaa."

"Anaumwa tangu lini?"

"Tangu mwezi ulipoandama."

"Na hukumwambia mtu!" Mtoro alitikisa kichwa. "Kesho utakwenda kumwambia Noorali mwenyewe."

Sihaba akaenda dukani kwa Noorali na kueleza yote mbele ya kaunta. Noorali alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeweza kunyamaza," alisema.

"Wangemlaumu Bi Chausiku, bwana."

"Basi ichambueni mali yenu, mtoe chakazi, nami nitaipima upya. Ikitokea tena, msije kwangu."

Siku zilizofuata Sihaba alikaa mkekani na wanawake wa kijiji, wakichambua kipande kwa kipande. Majirani walichimba kilichopungua. Boriti zikaja. Lakini zamu ya akina Sihaba ilisogezwa mwisho, na mvua za vuli ziliwakuta kibandani.

Siku ya kukandika nyumba ya Bi Chausiku, Sihaba alifika mapema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo ukae." Bi Chausiku alimshika mkono. "Kupungukiwa si aibu. Ungeleta pakacha nusu, tungelijaza. Ulipoficha, ulitunyima nafasi ya kukusaidia, na kidogo tu kijiji kizima kikose mtu wa kukiamini. Noorali haijui hata sura yangu, lakini ananipa miti kwa sababu ya neno letu sote. Siku nyingine ukishindwa, sema."

"Nimesikia, bibi."

Sihaba akainuka, akachota udongo kwa mikono miwili, akaanza kukandika ukuta.