Upanga Uliofutwa

Saa tatu unusu asubuhi ya Ijumaa, mwanafunzi Winfred alikutwa kifudifudi katika ukumbi wa mazoezi ya silaha za Kikorea, mtaa wa Al Sadd huko Uarabuni, amekatwa nyuma ya bega. Gari la wagonjwa lilipoondoka naye akiwa hana fahamu, Gerishon, mwanafunzi mkongwe, alikuwa bado amemkaba shati Iddi, mfagiaji, wakisubiri polisi.

"Nilimpata hapa peke yake na ndoo," Gerishon alisema. "Nani mwingine?"

"Wallahi sijamgusa! Niliingia kupiga deki tu."

Nyaboke, mlinzi wa hoteli moja West Bay na mwanafunzi wa ukumbi huo, alihisi damu ikimchemka. Iddi hakujua Kiarabu wala Kiingereza. Angewaeleza nini polisi? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo wasemavyo. Hapa walishaanza kunyonga, na haki haijatajwa.

Akaenda kwenye rafu ya silaha. Chini palikuwa na fimbo na panga za mbao, juu upanga wa pekee wa chuma, ndani ya ala yake. Akauchomoa. Ulikuwa safi, unang'aa. Kwenye pipa la taka akatoa kitambaa kilicholowa damu, akakikunjua. Hakikuwa na mkato hata mmoja.

"Nani aliufuta?" aliuliza.

"Si ni huyu klina! Kazi yake ni kufuta."

"Mwachilie. Kaka, shika kitambaa hiki kingine, uufute. Polepole."

Iddi akaubana upanga upande wa makali. Kitambaa kikapasuka, na Nyaboke akamdaka mkono kabla vidole havijafuata.

"Umeona?" alimwambia Gerishon. "Wanaopewa chuma hufundishwa kuushika upande wa mgongo, usio na makali. Huyu hajui."

"Basi ni Melissa wa darasa letu! Jana aligombana na Winfred."

"Melissa bado anashika mbao, kama mimi. Chuma kinaguswa na watu watatu. Mwalimu yuko Korea. Winfred hawezi kujikata mgongoni. Umebaki wewe."

"Ningekuwa mimi, si ningeutupa nitoroke?"

"Mtu mwingine angeutupa. Wewe umefunzwa miaka sita kuufuta kabla ya kuurudisha. Mkono ulifanya vile umezoea."

Gerishon aliketi sakafuni. "Miaka sita!" akafoka. "Mimi ndiye nilimshikisha Winfred upanga mara ya kwanza. Sasa mwalimu anampa yeye kufundisha darasa la silaha?"

"Na kwa wivu wako mtu huyu aozee jela?" Sauti ya Nyaboke ilitikisa ukumbi. Alitamani kumzaba kofi.

King'ora kilisikika barabarani.

"Nyaboke, nisamehe. Ni hasira tu."

"Mimi hujanisingizia. Muombe yeye. Mwite kwa jina lake, umuombe."

Gerishon alifungua kinywa, akamtazama mtu ambaye kwa miaka sita alikuwa akimpigia deki sakafu hiyo, akakifunga tena. Jina hakuwa nalo.

"Naitwa Iddi," alisema mfagiaji, akinyoosha kola ya shati lake, akaenda kuwafungulia polisi mlango.