Kuku Mia Mbili wa Huguette

Asubuhi hiyo ya mwezi wa sita baridi ya Dilala ilikuwa inauma masikio, na Huguette alikuwa anaokota mayai huku akiimba. Kuku mia mbili, ndani ya gareji ya nyumba ya zamani ya kampuni. Tangu bwana yake afariki, hao ndio waliomlisha yeye na watoto watatu. Majirani wote walijua, maana kuta za Dilala hazizuii macho.

Kalumba, daktari wa mifugo, alikuwa amemtobolea matundu ya hewa juu, chini ya bati. Alimweleza kwamba kila kuku anatoa joto na mvuke kama sufuria ndogo motoni; usipoyapa njia, yatawapika wenyewe. Watu wa hapa mwezi huo huziba kila tundu kwa magunia, sababu ya baridi na vumbi la mgodi wa Mashamba. Huguette hakuziba.

Akaitwa aende Musumba kumzika shangazi. Ufunguo wa kadena ya gareji akamwachia Fidélie, jirani aliyepata naye kipaimara siku moja, aliyevaa naye kitenge kimoja kila Pasaka. Akamsihi: matundu usiyaguse.

Alirudi baada ya siku kumi, saa sita mchana. Akafungua.

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Maranda chini yalikuwa uji. Harufu ilichoma macho. Kila tundu lilikuwa na gunia, limegongomewa misumari. Kuku wote walikuwa wamekufa wamesimama. Midomo wazi. Wote wanatazama upande wa nyumba ya Fidélie.

Akaenda huko hivyo hivyo, na vumbi la safari miguuni. Blanchard, bwana ya Fidélie, migodi ilikuwa imemmaliza mapafu. Tangu Noeli hakutoka kitandani, na kifua chake kilisikika mpaka barabarani. Sasa alikuwa ameketi uani, anamega bonge la bukari. Shati limelowa jasho katika baridi ile. Akamsalimia kwa sauti safi, akampa mkono. Mkono ulikuwa na joto la chini ya bawa.

Fidélie hakukana. Alimvuta pembeni, akanong'ona.

"Ufunguo ulinipa weye mwenyewe, dada. Kama ningeiba, ile dawa ya kumuletea bwana yangu pumzi haingefanya kazi."

"Na batoto yangu watakula nini?"

"Ulikuwa na kuku mia mbili. Mi niko na bwana mumoja." Akatazama chini. "Na hawakutosha."

Huguette alisugua gareji, akang'oa magunia, akang'oa hata mlango. Hakuna kuku aliyeingia tena mle. Lakini kila mchana bati linatoa maji na sakafu yote ya sima inalowa, isipokuwa pahali pamoja, parefu kama mtu aliyelala ubavu. Symphorien, kaka yake, alipapima kwa kamba. Akamtazama dada yake. Akaikunja kamba.

Huguette akalala hapo mwenyewe. Kichwa mpaka kisigino, palimtosha.

Siku hizi ngazi tatu za mlango wake anazipanda akipumzika mara mbili. Na pale pakavu, ukiweka kiganja, pana joto.