Unga wa Penseli Kwenye Ekstensheni

Seremala alikuwa fundi kweli kweli, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akijua kitu kidogo, anakitumia kila mahali. Dawa yake ilikuwa unga wa penseli. Droo ikikwama, alikwangua ile risasi nyeusi ya penseli, akapaka unga wake, droo ikateleza. Kufuli likigoma, alifanya vivyo hivyo. Mkewe, mshonaji wa nguo, alimtania kwamba iko siku ataupaka hata magotini.

Asubuhi moja umeme ulikatika. Mkewe alikuwa na gauni la mteja la kupiga pasi. Akalalamika kwamba plagi ya pasi inaingia kwa taabu kwenye ekstensheni iliyochomekwa ukutani. Seremala akajaza unga wa penseli kwenye matundu yote, na mwingine ukamwagika juu yake. Plagi ikaingia laini. Akatoka kibarazani, kichwa kimemvimba kwa sifa.

Hapo akaja jirani yao, mwalimu wa kemia, kufuata suruali yake. Seremala akamsimulia ujanja wake huku akicheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza shemeji yake yuko wapi. Yuko ndani, akajibiwa, ananyunyizia gauni maji huku akingoja umeme urudi.

Mwalimu akaingia mbio. Mshonaji alikuwa ameinama, mkono umelowa, anataka kuisogeza ekstensheni.

"Shemeji, usiguse hapo. Rudi nyuma."

Akarudi nyuma, ameduwaa. Mwalimu akaenda moja kwa moja kwenye swichi kuu ya nyumba, akaizima. Seremala akawafuata ndani. Kosa hakulijua, lakini aliona kwamba lipo.

Mwalimu akawaeleza polepole. Risasi ya penseli si risasi hata kidogo. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Grafiti ni kaboni, na almasi pia ni kaboni. Hata mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Tofauti ni jinsi atomu, yaani chembe zake ndogo kabisa, zilivyojipanga. Kwenye almasi kila atomu imeshikana na nyingine nne, kwa hiyo almasi ni ngumu na haipitishi umeme. Kwenye grafiti kila moja imeshikana na tatu tu, nazo zimekaa tabaka juu ya tabaka. Tabaka hizo huteleza.

"Si ndicho nilichotaka?" akauliza Seremala.

"Ulitaka utelezi, ukapata na njia ya umeme. Grafiti ina elektroni zinazotembea huru, kwa hiyo inapitisha umeme. Unga wako umeunganisha matundu. Umeme ukirudi, moto unaweza kuwaka. Ukikuta mkono uliolowa, unaua."

Mara redio ya nyumba ya pili ikaanza kuimba. Umeme ulikuwa umerudi mtaani.

Mshonaji akautazama mkono wake, bado unadondosha maji. Akaketi sakafuni, akalia. Seremala akachuchumaa kando yake, akamfuta mkono ule kwa shati lake.

Ekstensheni ile aliikata waya kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota. Akanunua mpya. Tangu hapo unga wa penseli ni wa droo na makufuli tu. Jambo la umeme anamwita fundi umeme.

Jioni ile mkewe alikausha mikono, akapiga pasi gauni la mteja. Seremala alisimama kando ya swichi kuu, mkono juu yake, hakubanduka hadi mkewe alipomaliza.