Siku Nne za Delfina

Fortunato Colque alikuwa na ng'ombe wawili, shamba la viazi, na binti mmoja wa miaka kumi na miwili. Mkewe, Primitiva, alifariki miaka miwili iliyopita kwa kansa. Tangu hapo baba na binti waligawana kazi. Alfajiri baba alikamua, na binti akatengeneza jibini. Kisha binti alikunywa uji wa kinoa, nafaka ya huko milimani, akachukua mfuko wake, akateremka kwenda shule.

Asubuhi moja ya Juni, mwezi wa baridi kali huko kwao, barafu ikiwa bado juu ya majani, Fortunato aliingia jikoni na maziwa. Delfina alikuwa amejikunyata pembeni. Mfuko wa shule ameukumbatia.

"Haya, maziwa hayo," alisema baba.

"Siwezi kuyagusa."

"Mikono inakuuma?"

"Hapana. Tengeneza wewe tu leo, Baba."

Fortunato alitengeneza. Jibini likawa gumu kama kipande cha sabuni.

"Na shule?"

"Siendi. Tumbo linauma."

Fortunato alikuna kichwa. Huu ulikuwa mwezi wa tatu. Kila mwezi ilikuwa vilevile: siku nne hagusi maziwa, haogi, haendi shule. Siku ya tano anaamka, anaoga, anaondoka kama vile hakuna kilichotokea. Ni ugonjwa gani huu wenye kalenda?

Labda mwalimu anampiga, alifikiri. Akavaa kofia, akateremka hadi shuleni.

"Nani ampige Delfina?" alishangaa Mwalimu Cusi. "Huyo ndiye anayewasaidia wenzake hesabu. Lakini pamoja na leo amekosa siku tisa. Akiendelea hivi atarudia darasa."

"Kwani anaumwa nini?"

Mwalimu alikuwa kijana. Masikio yake yakawa mekundu.

"Wasichana wanne wa darasa hili wanaumwa hivyohivyo. Nadhani... afadhali umuulize mwanamke, Bwana Colque."

Fortunato akaenda kwa dada yake, Saturnina. Alimkuta mlangoni akisokota sufu ya llama, mnyama wa huko mfano wa ngamia mdogo.

"Wewe kaka umezaliwa jana?" Saturnina alisema. "Mtoto amekua. Ameanza kwenda mwezini."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie wewe? Mwanaume?"

"Sasa maziwa yanahusika vipi?"

"Akiyagusa yataharibika. Na akioga, damu itaganda tumboni. Nimeshamfundisha. Na vile vitambaa asivitupe kwenye taka. Vikichanganyika na taka nyingine, watu wa nyumba hiyo wanapata kansa."

"Nani alikwambia?"

"Mama."

"Na mama, nani alimwambia?"

"Sasa unataka kumhoji marehemu?"

Fortunato alirudi nyumbani na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo. Mfuko wa Delfina ulikuwa chini, karibu na moto. Akauinua ili usiungue.

"Acha! Usiguse, Baba!"

Delfina aliuvuta. Mfuko ukafunguka. Vitambaa vilivyofungwa kwenye karatasi ya nailoni vikaanguka. Kisha Delfina akaanza kulia.

"Nilitaka kuvizika mbali," alisema. "Shuleni siwezi kuvitupa. Wavulana walisema mfuko wangu unanuka. Na nikivitupa hapa, utaugua. Mama alikufa kwa kansa. Na wewe ukifa, nitabaki na nani?"

Fortunato aliketi kwenye kigoda. Alitaka kumwambia kwamba si kweli. Lakini je, si kweli? Aliishi na mke miaka kumi na mitano, na hakuwahi kuuliza hata mara moja.

"Mwanangu, mimi sijui," alisema mwishowe. "Lakini yuko anayejua. Kesho tunakwenda zahanati."

Saturnina naye akawafuata. Alisema anakwenda kuhakikisha hawadanganywi.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Nelva Huanca. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi.

"Binti yangu ana... ile..." Fortunato alianza. "Ile ya kila mwezi..."

"Hedhi," alisema Nelva. "Litamke tu, haling'ati."

"Hedhi," alisema Fortunato, jasho likimtoka kwenye baridi ile.

Nelva akamgeukia Delfina. "Uliza wewe. Mwili ni wako."

Delfina aliuliza kwa sauti ndogo. "Mama alikufa kwa sababu ya damu?"

Nelva akavuta kiti karibu, akamshika mkono.

"Hapana, mwanangu. Damu ya hedhi haileti kansa. Hata ukiitupa kwenye taka, haimuui mtu. Mama yako nilimhudumia mimi. Alikuwa na kansa ya mlango wa kizazi. Hiyo inaletwa na virusi, na siku hizi kuna chanjo. Umri wako umefika, nitakuchanja leo."

"Sasa hii damu inatoka wapi?" aliuliza Fortunato.

"Kila mwezi mji wa mimba unajitandikia utando laini ndani, tayari kupokea mtoto. Mimba isipoingia, utando ule unatoka pamoja na damu. Basi. Si uchafu, wala si ugonjwa."

"Na maziwa?" Saturnina aliingilia. "Kila mtu anajua maziwa yanaharibika."

"Mimi niko kwenye siku zangu leo, mama. Asubuhi nimekamua ng'ombe, kisha nimechanja watoto watano. Nani ameharibika?"

Saturnina alitazama watoto waliokuwa wakikimbizana uani.

"Aoge kila siku," Nelva aliendelea. "Maji ya uvuguvugu yanapunguza hata maumivu. Maumivu yakizidi, au damu ikiwa nyingi kupita kiasi, mlete."

Kisha akatoa pedi ya kitambaa cha pamba, yenye tabaka kadhaa na kifungo.

"Pedi za dukani ni nzuri, lakini pakiti moja ni bei ya jibini zima. Hizi mnashona wenyewe. Badilisha kila baada ya saa nne hadi sita. Loweka kwenye maji baridi, fua kwa sabuni, anika juani. Usizifiche chini ya kitanda, zitabaki na unyevu na kukuletea muwasho. Ukitumia za dukani, zifunge kwenye karatasi, tupa kwenye pipa lenye kifuniko."

"Na shuleni nitabadilishia wapi?" aliuliza Delfina. "Choo hakina mlango. Maji hakuna."

Fortunato aliinua kichwa. Kwa siku mbili alikuwa amesikia mambo mengi yaliyomzidi. Hili lilikuwa la kwanza aliloweza kulishika.

"Mlango?" alisema. "Mlango naujua."

Jumapili, kwenye mkutano wa wazazi, alisimama akiwa ameivua kofia.

"Wasichana wanne wanakosa shule kila mwezi wakiwa kwenye hedhi. Choo chetu hakina mlango."

Wanaume waliangua kicheko. "Jamani, Fortunato amekuwa mkunga!" alisema Wenceslao, jirani yake.

"Mmoja wa hao wanne ni wako, Wenceslao."

Kicheko kikakatika.

"Sikujua," alisema Wenceslao.

"Hata mimi sikujua. Jumamosi njoo na nyundo."

Jumamosi walikuja wanaume saba. Walitia mlango wenye komeo. Waliweka pipa la maji, sabuni, na ndoo ya taka yenye kifuniko. Saturnina alikuja na mkasi, akawaonyesha wasichana kushona pedi, huku akisema bado anafikiria habari ya maziwa. Mwalimu Cusi aliwafundisha wavulana na wasichana pamoja habari za hedhi. Masikio yalimwiva tena, lakini alimaliza somo.

Tangu mwezi uliofuata Delfina hakukosa siku hata moja. Wenzake watatu nao walirudi.

Desemba ilipofika, asubuhi ya mtihani wa mwisho, Delfina alitoka mbio huku akifunga kamba za viatu.

"Baba, niko kwenye siku zangu na nimechelewa! Kachote maji wewe!"

Fortunato akachukua ndoo, akaenda kisimani. Wanawake watano walikuwa kwenye foleni. Mmoja akamtazama kuanzia kofia hadi miguuni.

"Kulikoni leo, mwanaume kisimani?"

"Binti yangu yuko kwenye hedhi, na ana mtihani," alijibu Fortunato, kwa sauti ya kawaida.

Wanawake walitazamana. Hakuna aliyecheka. Yule aliyeuliza akasogeza ndoo yake pembeni.

"Basi pita," alisema. "Chota kwanza wewe."