Nyota za Sala

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, mwalimu wa dini alisimama mbele ya darasa la tano akiwa na boksi la nyota za karatasi. Mwanafunzi aliyeleta kadi yenye sahihi ya mzazi, kuthibitisha kwamba amesali nyumbani, alibandikiwa nyota kwenye chati ukutani. Asiye na sahihi aliketi benchi la nyuma wakati wa ibada, akitazama migongo ya wenzake.

Binti wa fundi cherehani, aliyeitwa Kimya kwa kuwa hakuwa msemaji, alikuwa mwenyeji wa benchi hilo. Si kwamba hakusali. Alisali kila alfajiri, moyoni, akiwa bado ndani ya shuka. Tatizo lilikuwa baba yake, ambaye ndiye aliyetia sahihi za shule nyumbani, mtu asiyepindika. Akiletewa kadi alisema, "Sikukusikia ukisali, mwanangu. Sasa nitie sahihi kwa lipi?"

Kimya aliona huo ni uonevu mtupu, nyumbani na shuleni. Kilichomchoma zaidi ni kiongozi wa ibada, mvulana aliyebandikwa jina la Askofu, mwenye nyota thelathini na nane. Kila siku kabla ya kengele Askofu alijificha nyuma ya tangi la maji na kalamu ya kijani, akiwatilia wenzake sahihi za wazazi wao chapuchapu. Kisha aliingia darasani na kusali kwa sauti ya kutikisa madirisha. Ungemwona ungedhani kashuka kutoka mbinguni jana tu.

Alhamisi moja mwalimu alitangaza kwamba wasio na nyota hata moja hawatasimama na wenzao kwenye ibada ya wazazi. Mama yake Kimya alikuwa tayari ameomba ruhusa kazini ili aje kumtazama. Aje amwone mwanawe amewekwa nyuma kama mpagani? Siku hiyo hiyo mwalimu akatuma barua ya kumwita baba.

Ijumaa asubuhi Kimya alikwenda nyuma ya tangi. Akaomba kalamu, akaandika jina la baba yake. Dakika chache baadaye nyota yake ya kwanza ilikuwa ukutani, na mwalimu akampongeza mbele ya wote.

Kengele ya mapumziko ilipolia, wanafunzi wakiwa bado darasani, fundi alifika, tepe ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Mwalimu alimlaumu kwa kutomlea mtoto kiroho. Fundi alikasirika, lakini hakupaza sauti.

"Mwalimu, mimi hupima mabega na viuno. Moyo wa mtoto sina tepe yake. Ukinitaka nitie sahihi, unanitaka niseme uongo."

"Mbona leo umetia?" mwalimu akauliza, akimwonyesha kadi.

Fundi aliitazama kadi, akamtazama binti yake. Kimya alisimama.

"Nimeandika mimi, baba. Nisamehe. Lakini mwalimu, zitazame na kadi nyingine." Machozi yalimtoka, ila hakukatiza. "Nimekaa nyuma miezi miwili kwa sababu ya ukweli. Siku moja niliyodanganya ndiyo nimepata nyota."

Mwalimu alizikusanya kadi, akazipanga mezani. Wino wa kijani, mwandiko mmoja, kadi kumi na tisa. Askofu alikuwa akitazama viatu vyake. Alipoulizwa, alikiri kila kitu kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

Mwalimu alibandua chati ukutani, akaikunja.

"Kila aliyeghushi sahihi au kughushiwa atakwenda kuungama kwa mzazi wake leo, akiwemo Kimya," alisema. "Na mimi naungama kwenu. Nilitaka mmpende Mungu, nikawafundisha kunifurahisha mimi. Wanangu, anayesali ili aonekane amesali, hajazungumza na Mungu bado. Na kwenye ibada ya wazazi mtasimama wote."

Fundi alimfuta binti yake machozi kwa kiganja. Akamwambia kosa lake ameliona, na ujasiri wake pia ameuona, kisha akarudi kwenye cherehani yake.